Hivi serikali ina haki ya kutulazimisha kukata bima? Tukae chini tuliongee vizuri

Mtaani kwetu tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Tulikuwa watu 42, kila mtu anatoa shilingi 5,000 kwa mwezi, ukifiwa na mzazi, mwenza au mtoto unapewa 500,000 na kikundi kinakuja na turubai, viti na masufuria. Hesabu yake ndogo ila inasimama: kwa mwezi ni 210,000, kwa mwaka milioni mbili na nusu na ushee, na misiba tulikuwa tunapata kama minne hivi kwa mwaka, yaani milioni mbili, kinachobaki kinanunua turubai likichanika. Sharti gumu lilikuwa moja tu, mwanachama mpya hapewi kitu mpaka amalize miezi mitatu. Sasa mwaka juzi watu wakaona hilo sharti ni roho mbaya, likafutwa kikaoni, wakaingia watu tisa kwa mpigo, na ndani ya miezi mitano wanne kati yao wakafiwa na wazazi ambao walikuwa wanaumwa tangu kabla hawajajiunga. Kikundi kikatoa milioni mbili, wakati hao tisa wote kwa pamoja walikuwa wameingiza 225,000.

Sisemi walikuwa matapeli, hapana, mtu mwenye mama yake kitandani lazima atafute pa kushika, hata mimi ningefanya hivyohivyo. Ila baada ya hapo wa zamani wakaanza kunung'unika, mmoja mmoja wakaacha kutoa, na waliotangulia kuacha ni wale ambao wazazi wao walishatangulia mbele ya haki na watoto wao wazima, yaani haohao ambao hela yao ndo ilikuwa inabeba wengine. Leo tumebaki thelathini na kitu.

Ukikielewa kilichotokea pale mtaani basi nusu ya mjadala wa bima ya lazima umeshauelewa, kwa sababu bima ni hichohicho kikundi ila kikubwa. Watu wengi wanadhani bima ni kama kuweka akiba, kwamba nimeweka hela yangu, nisipoumwa nimeliwa. Sio. Bima ni kapu la wengi, kila mtu anatupia kidogo, anaeangukiwa na balaa ndo anachota, na kapu linajaa kwa sababu moja tu, wanaotupia ni wengi kuliko wanaochota. Siku wanaobaki ndani ni wanaochota tu, hilo kapu limekufa, na haijalishi meneja wake ni malaika.

Na hapa Tanzania tulishaliona hili kwa kiwango cha taifa. Toto Afya Kadi mnaikumbuka? Mzazi unalipa shilingi 50,400 mtoto anatibiwa mwaka mzima, bei ambayo mtu wa kawaida akijibana anaiweza, na kujiunga ni hiari. Machi 2023 NHIF, yaani mfuko wa taifa wa bima ya afya, wakasitisha uandikishaji wa mtoto mmojammoja, wakasema wazazi wapitishe watoto shuleni au kwenye vifurushi vya familia, na watu waliumia sana, mitandaoni kilikuwa kilio wiki nzima. Sababu waliyoitoa ni kwamba wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaumwa, matumizi yakawa yanazidi makusanyo kwa mbali mno. Chukua kalamu upige mwenyewe: bili moja ya milioni tano, na kwa upasuaji wa moyo au matibabu ya saratani ya mtoto hiyo sio bili ya kushangaza, inakula michango ya watoto kama mia. Kwa hiyo kwa kila mtoto mmoja anaeingia na ugonjwa mkubwa unahitaji watoto mia walioingia wazima wakamaliza mwaka bila kugusa hata panado. Hao watoto mia wazima hawakuwepo, wazazi wao walikuwa na matumizi mengine ya hiyo elfu hamsini, ada, kodi ya nyumba, mtaji, na ukimuuliza mzazi anakwambia mwanangu haumwi, nikate ya nini.

Mimi wakati ule nililaumu mfuko kama kila mtu, na bado naamini kuwaondolea watoto wagonjwa mlango bila mlango mwingine ulio wazi kabisa haikuwa sawa. Lakini mfumo wa hiari ulikuwa umejengwa vile, ungefika palepale tu.

Sasa hapo ndo linakuja wazo la lazima. Ili kapu lisife una njia chache. Unaweza kuweka muda wa kusubiri kama kikundi chetu, ambapo anaeumwa leo hapati leo, na huko hospitali maana yake mtu anafia foleni ya kusubiri siku zitimie. Unaweza kupandisha bei kwa mgonjwa, yaani mwenye kisukari alipe mara tano ya mwenzie, hapo bima inamkimbia yuleyule anaeihitaji. Au unaingiza kila mtu, mzima na mgonjwa, kijana na mzee, hakuna kuchagua siku ya kuingia. Hiyo ya tatu ndo bima ya lazima, na ukiangalia kwa makini utaona ndo bei ya kuzikwepa hizo mbili za kwanza, huwezi kusema mgonjwa asibaguliwe halafu hapohapo ukasema kila mtu aingie siku anayotaka yeye.

Watu wanaosema serikali haina haki kabisa ya kumlazimisha mtu kununua kitu, huwa nawauliza kuhusu chombo cha moto. Ukiwa na gari, bajaji au bodaboda, hata bima ndogo lazima uwe nayo, trafiki akikusimamisha anaiangalia kwenye mfumo, na sijawahi kuona maandamano ya kuipinga. Watu wanalalamikia bei, wanalalamikia kampuni kuchelewesha fidia, ila hakuna anaesema ile sheria ni uonevu. Kwa nini? Kwa sababu bima ndogo haikulindi wewe wala gari lako, inamlinda yule utakaemgonga. Umemvunja mguu mama wa watu anaeuza ndizi pembeni ya barabara, unasema sina hela, na kweli huna, yeye anakula nini? Sheria inakwambia kabla hujaingiza chuma barabarani onyesha kwanza nani atalipa ukiharibu. Waingereza waliweka hiyo lazima mwaka 1930, na leo ni nchi chache sana duniani ambazo hazina kitu kama hicho.

Kwa hiyo swali lenyewe sio "serikali inaweza kulazimisha bima?" maana inalazimisha tayari na tumekubali. Swali ni je, mwili wangu ni kama bodaboda yangu? Na hapa ndo watu wenye akili zao wanagawanyika kwa haki kabisa.

Anaepinga anasema hivi, na naomba tumsikilize maana hoja yake ina uzito. Bodaboda nimechagua kununua, nisipotaka bima naacha kuwa na bodaboda natembea kwa miguu. Mwili sijachagua. Ukinilazimisha kulipia bima kwa sababu tu nipo hai, umenitoza ada ya kupumua. Na pili, nikiumwa bila bima naumia mimi, sijamgonga mtu.

Ya kwanza ni kweli, sina jibu lake zuri, ni tofauti halisi na ndo maana bima ya afya lazima iendeshwe kwa huruma kuliko bima ya gari. Ila ya pili, hapana. Kwetu hakuna mtu anaeumwa peke yake. Angalia simu yako una magrupu mangapi ya WhatsApp ya michango ya matibabu sasa hivi: mjomba kalazwa, jirani anahitaji dayalisisi, mtoto wa mwalimu mwenzetu anatakiwa Muhimbili, binti wa kanisani kajifungua kwa upasuaji na hawajamruhusu kutoka mpaka bili iishe. Unatoa elfu kumi, unatoa ishirini, ukikaa kimya unapigiwa simu na shangazi. Hiyo ni bima ya lazima tayari jamani, tofauti ni kwamba haina hesabu, inamwangukia zaidi mwenye moyo laini na mwenye ajira kwenye ukoo, na inafika ikiwa imechelewa. Kingine kinaangukia hospitali yenyewe, kwenye bili za waliotoroka na za walioshindwa kulipa na za waliofariki, na hospitali ya umma ikikosa hiyo hela utaiona kwenye dawa, unaambiwa nenda kanunue duka la nje. Kwa hiyo anaekataa bima akiumwa vibaya huwa anawagonga wenzie, ila hawaoni namba za gari.

Wamarekani walibishana hiki kitu mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, na kesi yao inafundisha sana. Sheria ya afya ya Obama ya 2010 ilizikataza kampuni za bima kumnyima mtu au kumpandishia bei kwa sababu ana ugonjwa, na kwa sababu ileile ya kikundi chetu cha mtaani ikabidi iweke sharti kila mtu awe na bima, asiekuwa nayo alipe faini wakati wa kufanya hesabu za kodi. Kumbuka pia kwao tangu 1986 hospitali zinazopokea hela ya mfuko wa serikali wa wazee zinalazimika kumpokea mgonjwa wa dharura hata kama hana senti, kwa hiyo asie na bima alikuwa anatibiwa na gharama inahamia kwa wengine. Wapinzani wakaenda mahakamani, Machi 2012 jaji Antonin Scalia akauliza swali lililokuja kuwa maarufu, kwamba kama serikali inaweza kukulazimisha kununua bima kwa sababu kila mtu siku moja atahitaji matibabu, basi si kila mtu anakula pia, itakulazimisha kununua brokoli? Juni mwaka huo majaji wakaamua 5 kwa 4, Jaji Mkuu John Roberts akaandika kwamba kwa mamlaka ya kusimamia biashara Bunge haliwezi kumwamrisha mtu anunue kitu, lakini ile faini ni kodi tu, na kutoza kodi Bunge linaruhusiwa. Sheria ikapona kwa mlango huo.

Wengi waliona ule ni ujanja wa kisheria. Mi naona Roberts aligusa penyewe. Malipo ya lazima, yanayokusanywa na serikali, yanayopanda na kipato chako, sasa hayo utayaitaje kama sio kodi? Na yakishakuwa kodi basi tuyapime kama tunavyopima kodi: nani anaweza kulipa, nani asamehewe, na hela inakwenda wapi. Tukiyaita bima tu tunajikuta tunamwambia muuza mchicha "hii ni bidhaa, ni bei moja kwa wote", na hapo ndo uonevu unapoanzia.

Halafu kuna kilichotokea baadae huko Marekani ambacho watu wetu huwa hawakitaji. Mwishoni mwa 2017 walipitisha sheria ya kuifanya ile faini kuwa sifuri kuanzia 2019. Wataalamu wengi walitabiri kapu litakufa. Halikufa. Watu waliendelea kukata bima kwa mamilioni kwa sababu serikali ilikuwa inawalipia sehemu kubwa ya mchango wenye kipato kidogo. Kwa hiyo fimbo ilisaidia, sikatai, ila kilichokuwa kinabeba mzigo kwa kweli ni ruzuku. Hiki kitu nakishika sana kichwani nikirudi nyumbani.

Nyumbani sasa. Sisi tuliwahi kuwa na matibabu bure, baada ya Azimio la Arusha serikali ilibeba, hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku 1977, mpaka hali ya uchumi ikabana na uchangiaji ukaanza 1993. Bima ya watumishi wa umma ikaja kwa sheria ya 1999, asilimia 6 ya mshahara, nusu mfanyakazi nusu mwajiri, na hiyo ni lazima, mwalimu hajawahi kuulizwa kama anataka. Kwa wanakijiji ikawepo CHF, mfuko wa afya ya jamii, iliyoanzia Igunga 1996, kwa hiari, baadae ikaboreshwa kuwa 30,000 kwa kaya ya watu mpaka sita. Miaka ishirini na zaidi ya hiari imetufikisha wapi? Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipopelekwa bungeni 2022 wenye bima ya afya ya aina yoyote walikuwa kama Watanzania 15 katika kila 100. Nadhani hiyo namba inatosha kumjibu anaesema elimu itolewe tu watu watajiunga wenyewe.

Lakini ule muswada wa 2022 wenyewe, wallahi, ulikuwa darasa la namna ya kuharibu wazo zuri. Makadirio yaliyotajwa yalikuwa 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita kwa sekta isiyo rasmi. Ugawe kwa siku 365 unapata shilingi 931, mtu wa ofisini anaona hiyo hata soda haipiti. Ila mama ntilie halipwi kwa siku 365, ana siku za mvua, siku mgambo wamebeba meza, siku mtoto kaumwa hajafungua, na hakuna siku hata moja kwenye mwaka anayoamka na 340,000 mkononi ambayo haina mwenyewe. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulionyesha asilimia 26.4 ya Watanzania wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, hao hawawezi kulipa bima yoyote, na juu yao kidogo tu kuna kundi kubwa ambalo likitikiswa linaanguka humohumo.

Kilichoniudhi zaidi ni fimbo iliyopendekezwa. Usipokuwa na bima ungekwama kwenye leseni ya udereva, leseni ya biashara, TIN yaani namba ya mlipakodi, hati ya kusafiria, kusajili laini ya simu, hata mtoto kuingia kidato cha tano na chuo. Fikiria dereva wa bodaboda ambae hajalipa kwa sababu hana hela. Unamnyima leseni. Sasa hela ya bima ataitolea wapi? Na mtoto aliefaulu azuiwe kwenda form five kwa sababu baba yake hajakata bima, huyo mtoto kakosa nini? Bima ya gari inaunganishwa na barabara kwa sababu barabarani ndo madhara yanapotokea, hapo kuna mantiki, lakini laini ya simu na figo zangu vinahusiana nini? Serikali ikishaanza kukamata haki moja ili ulipe nyingine haiwezi kujua iishie wapi, leo bima, kesho nini? Wabunge na wananchi walipiga kelele, muswada ukasogezwa, ukarudi ukiwa umefanyiwa kazi, ukapitishwa Novemba 2023.

Majirani Kenya walikanyaga jiwe hilohilo. Sheria yao ya bima ya afya ya jamii, iliyosainiwa Oktoba 2023, iliweka kifungu kwamba ili upate huduma za serikali uonyeshe umejisajili na unachangia. Watu wakaenda mahakamani, vifungu vikasimamishwa, Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria yenyewe haikufuata katiba, Mahakama ya Rufani ikasitisha hiyo hukumu, na SHA, mamlaka yao mpya ya bima hiyo, ikaanza Oktoba mosi 2024 huku watu bado wamechanganyikiwa.

Ila tukiacha fujo za kuanza kuna kitu Kenya walikipatia. Makato ni asilimia 2.75 ya kipato bila kikomo cha juu. Chini ya mfuko wao wa zamani, ambao nao uliitwa NHIF, mwenye mshahara wa 20,000 za Kenya alikatwa 750, sasa anakatwa 550. Mwenye 100,000 alikuwa anakatwa 1,700, sasa 2,750, na mwenye 500,000 ambae nae alikuwa anakatwa 1,700 ileile sasa anatoa 13,750. Makelele mengi uliyoyasikia ni ya hawa wawili wa mwisho, na nawaelewa, hakuna anaependa payslip inyofolewe, lakini kama lengo ni kapu la taifa basi huo ndo mgawanyo wa haki. Walipokosea ni kwa wasio na payslip. Hao wanapimwa uwezo kwa dodoso, nyumba yako ukuta gani, unapikia nini, una mifugo, mfumo unakadiria kipato chako, kima cha chini ni 300 kwa mwezi lakini unatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Mtu wa kibarua anaepata hela ya leo leo unamwambia leta 3,600 ya chini kabisa kwa mkupuo, na wengi mfumo unawapa namba kubwa kuliko hiyo. Matokeo yake mamilioni wamejisajili, wanaolipa kutoka sekta isiyo rasmi ni sehemu ndogo tu. Serikali ikaja na mpango wa kukopeshwa hela ya bima, Lipa SHA Pole Pole, ambao unasaidia kiasi ila unaonyesha tatizo liko wapi, mtu anakopa ili atimize wajibu wake wa kutoumwa.

Kama kuna nchi jirani ya kutazama ni Rwanda. Bima yao ya afya ya jamii, mutuelle de santé, ilianza na majaribio 1999, sheria ya mwishoni mwa 2007 ikaifanya lazima, na kwa miaka mingi sasa zaidi ya asilimia 80 ya watu wamekuwa ndani. Walifanyaje? Waligawa kaya kwa madaraja ya ubudehe, yaani kufuata uwezo wa kila kaya, na kazi hiyo ilifanywa kijijini na watu wanaojuana, jirani anajua nani ana ng'ombe na nani anasema hana. Wengi wakawa wanalipa faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka, wa juu 7,000, na wa chini kabisa serikali na wafadhili wanawalipia wote. Serikali ile ni kali na lazima yake ni lazima kwelikweli, hilo silifichi na sio kila kitu chao ningependa kuletewa, lakini lazima iliwakuta watu ambao bei yao ilishashushwa mpaka wanaifikia.

Na Ghana wao walikwepa kabisa kumkimbiza mtu mmojammoja. Sheria yao ya 2003 iliongeza tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma, mfano wa VAT, inakwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa bima. Ukinunua simu umechangia, ukinunua soda umechangia, anaenunua sana anachangia sana, na hakuna mgambo wa kugonga mlango kuuliza kadi. Ina matatizo yake, hazina yao imekuwa ikichelewa kuzifikisha hizo hela kwenye mfuko na hospitali zinadai, ila kwa nchi kama yetu ambapo wengi hawana mshahara, mi naona hii ndo aina ya lazima inayotufaa zaidi: lazima ikae kwenye bia, soda, vipodozi, michezo ya kubahatisha, halafu hela hiyo imlipie mama ntilie, kuliko lazima ikae kwenye leseni yake. Sheria yetu ya 2023 imefungua mlango wa vyanzo vya namna hiyo kwa ajili ya wasio na uwezo, kwa hiyo swali la kumuuliza mbunge wako akija mtaani sio kama anaunga mkono bima kwa wote, wote wataunga mkono, muulize mwaka huu wa fedha imetengwa shilingi ngapi ya kuwalipia wasioweza na imetoka kiasi gani.

Kwa hiyo jibu langu kwenye kichwa cha habari ni ndiyo, serikali ina haki hiyo. Ila haki ya kulazimisha sio ya bure, inakuja na deni, na deni lenyewe ni kadi ifanye kazi. Kwenye hiari kadi ikinisumbua mwakani sikati, nimewaadhibu. Kwenye lazima umenipokonya hiyo silaha, sasa unanipa nini badala yake? Machi 2024 hospitali kadhaa binafsi hapa nchini zilitangaza kusitisha kupokea wagonjwa wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma ambazo mfuko unalipia, watu wenye kadi halali, waliokatwa mshahara miaka nenda rudi, wakageuzwa getini. Kenya NHIF iliacha deni la takriban shilingi bilioni 30 kwa hospitali, na hospitali zinazodai zikawa zinawarudisha wagonjwa au kuwataka hela taslimu. Katika hali hiyo mwananchi hajavunja mkataba, serikali ndo imeuvunja, na hakuna sheria niliyoiona inayosema mfuko ukichelewa kulipa hospitali basi na makato ya mwezi huo yasimame. Mtu akichelewa kuna adhabu. Mfuko ukichelewa hakuna. Mi naona hapo ndo pa kupigania, kuliko kubishana kama lazima ni halali au sio halali.

Kaka yangu ni mwajiriwa, anakatwa bima tangu siku ya kwanza ya kazi, miaka kumi na moja, na kwa neema ya Mungu alikuwa haumwi. Yeye ndo yule mtu mzima ambae kapu linamhitaji, na alikuwa hanung'uniki, akisema nikiuliziwa hela yangu imekwenda wapi nitasema imemtibu mtu. Mwaka jana presha ikapanda ghafla usiku, nikampeleka mimi mwenyewe. Dirishani wakaichukua kadi, wakaangalia kwenye kompyuta, wakasema mfumo haumsomi, mwajiri labda hajapeleka michango. Mwajiri anakata, salary slip ipo kwenye simu, nikawaonyesha, yule dada akasikitika kweli, akasema kaka naelewa ila mimi naangalia ninachokiona hapa. Nililipa 186,000 kabla hajapimwa. Mwisho wa mwezi nikiwa nae nyumbani anameza dawa zake simu ikalia, slip mpya imeingia, akanigeuzia nione, makato ya bima yako palepale.